Nilipoulizwa Kama Namfahamu

Mwezi uliopita nilikwenda kicheni pati ya binti mmoja wa hapa Sumbawanga, anayeolewa na kijana aliyeanza naye tangu wakiwa kidato cha pili. Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa vitambaa vya zambarau, baridi ikipenya chini ya milango, na sisi wageni tumevaa vitenge vya sare na masweta juu yake. Mshereheshaji, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, akaanza kuzungusha kipaza sauti kwa wale walioolewa na wapenzi wao wa shule. Watuambie, mapenzi ya utoto yanafikaje ndoani, na mbona mengi yanafia njiani?

Wa kwanza akasema ni Mungu. Wa pili akasema ni uvumilivu. Wa tatu akasema mwanaume alishwe vizuri, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na hakuna hata mmoja aliyeuliza walioachwa walikuwa wanapika nini. Mimi nilikuwa meza ya nyuma na soda yangu. Kipaza sauti hakikunifikia, na ni haki, maana sijaolewa. Lakini nilikasirika mpaka nikaiweka ile chupa chini bila kuimaliza. Jibu ninalo. Ningepewa dakika tatu tu ningewaharibia sherehe.

Basi naliandika hapa, ambapo hakuna keki ya kukata.

Mimi na rafiki yangu tulikaa dawati moja sekondari, na tulipenda mwaka mmoja, kila mtu na wake, wote wawili wa darasa letu. Rafiki yangu kwao ni Milepa, kule chini bondeni kwenye joto, na hapa mjini alikuwa akikaa kwa shangazi yake. Mpenzi wake alikuwa mvulana mnene, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Wangu alikuwa mrefu, mkimya, mtoto wa wakulima wa mahindi na ulezi kutoka kijiji kimoja mbele ya Matai. Baba yake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na baba yake mdogo. Hapa mjini alipanga chumba na wenzake wawili, na kila baada ya likizo alirudi na kiroba cha unga wa kumtosha muhula. Sweta lake la shule lilikuwa limeshonwa viwikoni kwa uzi wa rangi nyingine. Akicheka alicheka kwa mabega tu, sauti haitoki. Nilimpenda kwanza kwa kile kicheko.

Sisi nyumbani tulikuwa wa kuja. Baba alihamishiwa huku kutoka Mbeya akiwa afisa kilimo, akaleta mke, watoto na utaratibu wake. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu, mpaka nafasi kati ya mche na mche kwenye bustani ya mama. Nilipokuwa kidato cha pili, binti wa jirani alipata mimba akafukuzwa shule. Jioni ile baba aliniita sebuleni, akazima redio, akasema, "Nikisikia habari za mvulana katika nyumba hii kabla hujamaliza shule, usiniite baba tena." Akawasha redio.

Mimi nilisikia mwanzo na mwisho tu. Yale maneno "kabla hujamaliza shule" nilikuja kuyasikia miaka mingi baadaye, nikiwa peke yangu nayakumbuka, na hayakuwa na faida tena.

Tukapatana, mimi na yule mrefu, kwamba mtu yeyote akituuliza, tunajibu neno moja: simjui. Tuliona ni ujanja mkubwa. Wenzetu walikuwa wakikamatwa kwa barua, kwa kutazamana, kwa kucheka pamoja kwenye bomba la maji. Sisi tulipishana njiani bila salamu. Tulionana Jumamosi mchana kwenye njia ya kupandia milima ya Mbizi, tukienda kama watu wawili wanaotafuta kuni, kila mtu na fungu lake, na huko juu kwenye upepo tulikaa kwenye majani tukasoma historia. Ndiyo, historia. Alikuwa akinifundisha na maneno ya Kifipa, nami nikiyatamka vibaya makusudi ili acheke.

Siku moja nilikuwa sokoni na mama. Yule mrefu alikuwa amebeba gunia la mahindi la mtu, kibarua cha siku ya soko, akapita mbele yetu jasho likimtiririka pamoja na baridi yote ile. Mama akamtazama. "Huyu si mnasoma naye?" Nikasema, "Simjui, mama." Alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Alisikia, wala hakugeuka, ila niliona mabega yanacheka chini ya gunia. Jumatatu akaniandikia kikaratasi kunipongeza. Nilikitunza kikaratasi hicho kama cheti.

Kwa rafiki yangu mambo yalienda kombo kabisa, au hivyo ndivyo tulivyodhani. Likizo moja yule mnene alimfuata hadi Milepa kwa kisingizio cha kuazima daftari, na bibi yake rafiki yangu akawakuta nyuma ya ghala wakigawana muwa. Bibi hakupiga kelele. Alimshika kijana mkono akamleta uani mbele ya watu wote, akatangaza, "Njooni mwone, nimepata mume. Kumbe nimezeeka bure, bado nafuatwa mpaka nyuma ya ghala!" Watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Kisha bibi akampa jembe. "Mume wangu halali usingizi bila kulima," akasema. Kijana akalima siku nzima. Likizo iliyofuata akaja mwenyewe na jembe lake.

Kuanzia hapo kijiji kizima kilimwita mume wa bibi. Hakuweza kupita bila kuulizwa habari za mke wake mkongwe, na hakuweza kukaa na rafiki yangu dakika kumi bila bibi kuja kukaa katikati akidai haki yake. Nilimwonea huruma rafiki yangu. Nilimwambia, "Pole, mmeaibishwa." Na moyoni nilijisifu kwamba sisi tuna akili zaidi. Leo wana watoto wanne na duka la pembejeo pale Milepa, na wakigombana, yule mnene huenda kwa mama mkwe kushtaki kama mtoto wa nyumba ile, kwa sababu ndivyo alivyo.

Mtu asiniambie rafiki yangu alipenda kuliko mimi. Hilo sikubali hata kidogo. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikaenda kusomea uuguzi Mbeya, nikarudi kufanya kazi hapa Sumbawanga; yule mrefu akaenda chuo cha ualimu, akapangiwa shule ya msingi kule Kabwe kando ya ziwa. Miaka kumi, tukihesabu tangu kikaratasi kile. Katika miaka kumi hiyo hatukuwahi kuachana hata wiki moja. Kabwe mtandao ulikuwa wa shida. Alikuwa akitembea mpaka kwenye mwinuko ndipo simu ishike, na kila Jumapili baada ya ibada alipanda akanipigia, upepo ukiingia kwenye maneno yake. Alinitumia migebuka mikavu kwa madereva wa magari. Mama aliuliza samaki wanatoka kwa nani. Nikasema ni wa mgonjwa mmoja anashukuru.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina kazi, nina mshahara, na bado nilikuwa namficha. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani nilikuwa nimezoea. Kuficha kulikuwa kumekuwa ndiyo namna yangu ya kumpenda, sikuijua namna nyingine.

Akaniambia kwenye simu kwamba baba yake mdogo ataleta barua ya posa. Nikafurahi nikaruka kwenye korido ya wodi. Lakini hakunitajia siku, akasema tu itakuwa masika, wazee wakipata nafasi. Nikamwuliza kama nimwambie baba kwanza. Akasema, "Wewe tulia. Ukiulizwa, jibu tu." Nikacheka. Lipi tena gumu hapo?

Walikuja Jumamosi moja mvua ikinyesha. Asubuhi mama alikuwa amechinja kuku na kutoa vikombe vya kabatini, vile visivyotolewa mpaka aje mchungaji. Baba alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa koti lake la ofisini siku isiyo ya ofisi. Niliyaona yote hayo wala sikujiuliza. Nilidhani ni wageni wa kanisani, wa kutoka Mbeya.

Nikaitwa. Nikaingia sebuleni na khanga kiunoni, nikapiga magoti, nikasema shikamooni. Wazee wawili nisiowajua walikuwa wamekaa kwenye kochi, makoti yao yakinuka mvua na moshi wa kuni. Mmoja alikuwa ameshika kofia kwenye magoti kwa mikono miwili. Mezani kulikuwa na bahasha iliyofungwa ndani ya leso nyeupe. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

Nikajua. 

Baba akazima redio. Sijui kwa nini ilikuwa imewashwa, na sijui kama mambo yangekuwa tofauti isingewashwa. Akasema kwa ile sauti yake ya kupima, "Wazee hawa wametoka Matai. Wanasema wametumwa na kijana ambaye ni mwalimu Kabwe." Akataja majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti. Sikuwahi kuyasikia majina hayo katika mdomo wa baba. "Wanasema wewe unamfahamu. Je, unamfahamu?"

Nikasema, "Simfahamu."

Lilitoka lenyewe. Nawaapia, lilitoka kabla mimi sijafika. Miaka kumi ya kujifunza jibu moja, na jibu lilikuwa tayari pale mlangoni, limevaa, linangoja kuulizwa. Yule mzee wa kofia aliinua uso. Baba akaniuliza mara ya pili, polepole, neno moja moja. "Kijana huyu. Humfahamu?"

Mtu mwenye akili angejirekebisha hapo. Mimi mara ya pili nilijibu haraka zaidi. "Simfahamu, baba."

Wazee wale hawakubishana. Kwa desturi binti akishasema hamfahamu kijana, hakuna barua tena. Barua ile hata haifunguliwi. Mzee wa kofia alichukua leso na bahasha yake akairudisha mfukoni ndani ya koti. Aliagana na baba kwa heshima zote. Mama aliwasihi wale kwanza, wakasema mvua itawakwamisha. Kuku yule tulimla sisi, kwa maana ya kwamba alikaa mezani.

Nilimpigia mpenzi wangu saa ileile, hakupokea. Kesho yake nikamwandikia: nisamehe, nilishikwa na woga. Alijibu baada ya siku tatu. Hakunitukana, na ningeshukuru kama angenitukana. Aliniandikia kwamba baba yake mdogo alirudi nyumbani akakaa nje kwenye mvua, akamwuliza kama ni kweli aliwahi hata kuzungumza na binti yule, au alikuwa akiota.

Pasaka alipanda kutoka Kabwe tukaonana kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi. Mara ya kwanza katika maisha yetu tulikaa meza moja mbele ya watu. Alikuwa amekonda. Alizungusha kikombe cha chai bila kunywa.

"Sitaki ufanye jambo kubwa," akasema. "Mwambie baba yako unanifahamu. Hilo tu. Akishajua, mimi nitampigia magoti baba mdogo, atarudi."

"Wewe humjui baba yangu."

Akatazama chai. "Baba yako si mtu mbaya."

Nikapandwa na hasira. "Unajua nini wewe kuhusu baba yangu? Umewahi hata kukaa naye? Ataninyima mpaka salamu!"

Akafungua mdomo, akaufunga. Nilidhani amekosa la kusema. "Mwambie," akarudia. "Nakuomba, mama." Alikuwa akiniita hivyo, mama, tangu tukiwa na miaka kumi na saba. Nikamwahidi nitamwambia wiki ile.

Sikumwambia wiki ile. Kila jioni baba aliporudi nilimpelekea maji ya kunawa nikiwa na sentensi yangu mdomoni. Baba, yule kijana namfahamu. Maneno manne. Namwagia mikono maji, naona kucha zake, natazama saa yake, anasema asante mwanangu, nami narudi jikoni na birika tupu. Mama naye alikuwa akinitazama kama mtu anayetaka kusema kitu, kisha anageuka anakoroga chungu. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Kule Kabwe yeye alikuwa bado anapanda kwenye mwinuko kila Jumapili. "Umemwambia?" Bado. "Umemwambia?" Bado, baba ana homa. "Umemwambia?" Jumapili moja hakuuliza. Tuliongea habari za mvua. Kisha akaacha kupiga.

Nami, kwa ujinga wangu, nilifikiri ananinunia. Nilifikiri nina muda. Kwa bibi yangu kule Mbeya nilikuwa nimesikia kwamba binti wa heshima hakubali mara ya kwanza, hukataa ili wageni warudi tena na adabu zaidi. Nikajifariji kwa hilo. Sikuwahi kujiuliza kama huko Matai wanayo habari hiyo.

Ulezi ulikuwa umevunwa, vumbi limeanza, rafiki yangu aliponipigia kutoka Milepa. Siku ile alikuwa akinong'ona.

"Uko wapi? Kaa chini. Shoga, ametangazwa."

"Nani?"

"Usinifanye niseme. Leo kanisani kwao, tangazo la kwanza la ndoa. Mume wangu ana binamu kule, ndiye amepiga simu. Binti ni wa kwaya ya kule Kabwe. Unanisikia? Wakatoliki tunatangaza Jumapili tatu. Zimebaki mbili. Mdomo wako una kufuli? Nenda kwa baba yako sasa hivi!"

Nikaenda. Baba alikuwa bustanini anafunga nyanya kwenye vijiti. Nikasimama nyuma yake nikasema, "Baba, yule kijana namfahamu. Namfahamu tangu kidato cha pili. Nampenda. Leo ametangazwa na mwingine." Nikaanguka pale kwenye tuta, nikalia na udongo mdomoni.

Niliingoja radi. Baba akamaliza kufunga ule mche aliokuwa ameushika. Akaosha mikono. Akaingia ndani, akatoka na koti.

"Kavae sweta," akasema. "Gari la Matai bado lipo."

Matai tukachukua bodaboda mbili, na nilimwona baba yangu, mtu wa kupima, akiwa nyuma ya pikipiki na koti lake la ofisini, ameshika kofia, vumbi linamgeuza mweupe. Tulifika kwa baba mdogo wa yule mrefu alasiri. Mzee, yuleyule wa kofia, alitutambua kutoka mbali. Alitukaribisha, akaagiza viti, maji na ugali wa ulezi na maharage, na akakataa kusikia lolote mpaka tumekula. Nilimeza nikiwa silijui tonge linakoenda.

Yule mrefu mwenyewe alikuwepo. Alikuwa amepanda kutoka Kabwe likizoni kwa ajili ya matangazo. Alitoka nyumba ya nyuma, akamwona baba, akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Kabwe?"

Walisalimiana hivyo, wepesi, nami nilikuwa nimechanganyikiwa mno hata nisijiulize.

Baba akasema mbele ya wote kwamba binti yake alikosea, kwamba ameleta maneno yake mwenyewe kwa mguu wake mwenyewe, na kwamba anaomba radhi kwa wazee walioondoka nyumbani kwake na mvua. Kisha akanigeukia. Nikapiga magoti kwenye uwanja ule, kuku wakipita, nikasema nilichotakiwa kusema masika. Safari hii kilitoka vizuri, kwa sauti, majirani wakasikia.

Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni, wala hakuwa na hasira. "Mwanangu huyo hapo," akasema. "Ni mtu mzima. Aseme mwenyewe."

Akatazama mikono yake. Niliona mabega yake yanatikisika, na kwa kitambo kidogo, Mungu anisamehe, nilidhani anacheka.

"Yule binti wazee walimkuta anachambua maharage," akasema. "Wakamwita. Akaulizwa na baba yake, mbele ya kaka zake wote. Akasimama na maharage mkononi, akasema namfahamu, na nikipewa nitakwenda." Akafuta uso kwa kiganja. "Hakuwa na miaka kumi na mimi. Ananifahamu kwenye kwaya tu, miezi michache. Lakini alisema. Sasa nikamwambie nini? Kosa lake lipi?"

"Unanipenda?" nikamwuliza. Mbele ya baba yangu, nikamwuliza hivyo.

"Usiniulize hilo, mama."

Akaingia ndani. Baba yake mdogo akatusindikiza mpaka barabarani, akamshika baba mkono kwa mikono miwili, na wote wawili wakasimama hivyo kama watu waliokutana msibani.

Ndiyo maana wale wa kicheni pati walinikasirisha. Uvumilivu nilikuwa nao wa miaka kumi. Maombi niliomba. Kupika najua. Ila penzi la rafiki yangu lililelewa uani, na watu, kwa utani wa bibi kizee na jembe, mpaka ilipofika siku ya kuulizwa hakukuwa na wa kumwuliza, kila mtu alikuwa analijua. La kwangu nililificha vizuri mno. Hata mimi mwenyewe nilipotakiwa kulitoa sikujua linatokea mlango gani.

Lakini bado sijasema lile linaloniuma kuliko yote, na nilitaka niishie kabla yake.

Tulipopata gari la kurudi Sumbawanga, tulikaa kiti kimoja. Jua lilikuwa linashuka na baridi imeanza kuuma. Nilikuwa nimemaliza machozi. Nikamwuliza baba mbona hakunigombeza.

"Kwa lipi?"

"Kwa kukuficha. Miaka yote hii."

Akavua kofia, akaipangusa vumbi taratibu. "Yule kijana alikuja ofisini kwangu," akasema. "Kabla ya Krismasi, mvua za kwanza. Amevaa tai. Akakaa kwenye kiti akanieleza yote tangu mkiwa shule, akaomba ruhusa ya kuleta wazee. Tuliongea karibu saa mbili. Nilimpenda. Nikamwambia alete barua."

Sikuelewa. Nilimsikia, lakini sikuelewa.

"Nikamwomba asikuambie kwamba tumeonana," akaendelea. "Sikutaka... sikutaka iwe sisi wanaume wawili tumekwisha kupatana juu yako, nawe unaitwa kuja kuitikia tu. Nilitaka ujibu kwa hiari yako. Akaniahidi. Naona alitunza ahadi."

Kikombe kile cha chai karibu na stendi. Mdomo uliofunguka ukafungwa.

"Uliposema humfahamu," baba akasema, "nilidhani moyo wako umebadilika. Ndiyo maana nilikuuliza mara ya pili. Ukarudia. Nikajisemea, mwanangu ni mtu mzima, ana sababu zake, nisimlazimishe. Mama yako alitaka kukuuliza kila siku. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, mwache, heshimu jibu lake."

Akanifunika na upande wa koti lake kama mtoto, akawa anasema, "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe," mpaka konda akaja kutuambia kwamba tumefika, na watu wengine wote wameshashuka.